Galaksi Ndogo na Mlingoti wa Kumbikumbi

Nilistaafu Ijumaa ya mwisho ya muhula wa kwanza, mapema mwezi wa Aprili, baada ya kukabidhi funguo za maabara na kabla hotuba ya kunisifu haijamalizika. Mwalimu Fatuma, aliyeshika somo la fizikia baada yangu, ameniomba niwaandikie walimu wachanga yale yasiyomo katika kitabu cha mwongozo. Ni mengi, kwa kuwa kitabu hicho kiliandikwa na watu ambao mifereji ya maabara yao hutoa maji. Vyeo sitavitaja, waliovipata wanavijua, na waliovikosa hawajavisahau. Miaka nayo nitaiacha, maana asiyejua hesabu haihitaji, na anayejua ataitumia kukisia umri wangu. Siku na miezi, hata hivyo, sitakosea.

Nitaeleza zaidi somo moja nililofundisha bila ya ruhusa wala katazo: zile galaksi ndogo, hafifu, na kitu kisichoonekana kinachozizuia zisitawanyike. Nitaeleza pia jinsi uwanja wetu wa giza pale Garsen, ambao bila yake somo hilo haliwezekani, ulivyonusurika kuangamizwa na watu wenye nia njema kabisa.

Nilizaliwa katika kijiji cha Wema, kando ya mto, nikaolewa Wema, na huko huko nikafiwa na mume wangu kwa homa, Jumatano moja ya Septemba. Jumapili iliyofuata ndugu zake walikutana kushauriana ni nani angenirithi pamoja na shamba. Niliwasikiliza kwa adabu hadi mwisho, nikawapikia chai, na Jumatatu ya kwanza ya Januari nikaenda kujiandikisha kidato cha kwanza.

"Mzazi wa nani?" karani wa shule akaniuliza.

"Mimi ndiye mwanafunzi."

Alichungulia nyuma yangu kumtafuta mwanafunzi.

Nilivaa sare kama wengine. Niliketi dawati moja na binti wa dada yangu, ambaye aliniomba nisimwite "mwanangu" mbele ya wenzake. Nilikubali, kwa sharti kwamba naye asininong'oneze majibu. Hatukuvunja mkataba huo hata mara moja, ingawa katika somo la Kiingereza nilijuta mapema.

Mwalimu wetu wa fizikia aliitwa Komora, mtu wa Kinakomba, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha walinzi. Maabara yake yote ilikuwa mizani moja ya springi, nayo aliibeba katika mfuko wa shati. Siku ya kwanza alikifunga kitu fulani katika leso, akakitundika kwenye mizani, akainua mkono.

"Kuna nini humu ndani?"

"Mzigo, mwalimu!" tukajibu.

"Mmeuona huo mzigo?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi mmeona nini?"

Mimi, kwa ujeuri wa mtu mzima aliyekwisha zika mume, nikasema, "Tumeona springi imevutika."

"Haya. Fizikia mmeshaijua," akasema Mwalimu Komora. "Iliyobaki ni mitihani." Leso hakuifungua. Mpaka leo sijui ndani yake mlikuwa na nini, na ninaamini hilo ndilo lililonifanya mwalimu.

Nilianza kazi Garsen, katika shule ya sekondari ya wasichana, Jumatatu ya kwanza ya muhula wa pili, mwezi wa Mei. Nilipoingia darasani, wasichana waliketi wakaendelea na mazungumzo yao. Walidhani nimeleta mtoto. Ndani ya maabara nilikuta bikari za kioo zilizopandwa maua, darubini ya macho mawili iliyofungiwa kabatini isije ikatumika, na tangazo linalowakataza wanafunzi kugusa chochote. Somo la kwanza nililojipa ni hili, nami nawarithisha: kifaa kinacholindwa sana huharibika kwa upweke. Niliitoa ile darubini siku hiyo hiyo, nikaisafisha lenzi kwa kitambaa cha pamba, na tangu siku hiyo haikulala kabatini.

Habari za galaksi ndogo nilizipata katika semina ya walimu wa sayansi, wakati wa likizo ya Agosti, katika hoteli moja ya pwani. Mkutano ulifunguliwa asubuhi, na kufikia chakula cha mchana ulikuwa bado unafunguliwa. Kila mgeni alimshukuru mgeni aliyemtangulia, na wa mwisho akawashukuru wote upya kwa pamoja. Projekta ilipopatikana, umeme ulipotea; umeme uliporudi, mwenye projekta alikuwa ameondoka nayo. Fizikia yote ya semina ile niliipata wakati wa chai, kutoka kwa mtafiti mmoja kijana, mwanamke, aliyenikuta nikila maharage yaliyobaki mchana.

Aliyatawanya maharage machache pembezoni mwa sahani yangu. "Chukulia hizi ni nyota, mama," akasema. "Zinakwenda mbio. Ukipima mwendo wake, halafu ukakadiria uzito wa nyota zote unazoziona, uzito huo hautoshi kuzizuia. Zilitakiwa zimeshatoroka."

"Na hazijatoroka."

"Hazijatoroka. Kuna kitu kinachozivuta, nacho hatukioni. Hakitoi mwanga, hakizuii mwanga. Tunakiita maada ya giza."

Nikamwuliza kwa nini wataalamu wahangaike na galaksi ndogo wakati kubwa zipo tele. Akacheka. "Kubwa zina kelele, mama. Zina gesi, zina vumbi, zina nyota zinazolipuka na kuvuruga kila kitu. Huwezi kujua ni nani amefanya nini. Ndogo zina nyota chache tu, na karibu uzito wake wote ni wa hicho kisichoonekana. Kuna nyingine ambazo maada ya giza inazishinda nyota zake mara mamia. Ukitaka kukijua kitu hicho, nenda kakitafute mahali ambapo hakina wa kujificha nyuma yake."

Nilielewa mara moja, kwa sababu nimeishi Wema na nimeishi Garsen. Garsen kuna stendi, malori, hoteli, wauza miraa, mikutano ya siasa na ya injili. Mtu akikuuliza ni nini hasa kinachowaweka watu wote hawa pamoja, utataja mambo kumi na hutakuwa na hakika na hata moja. Kijiji kidogo chenye nyumba chache, ambacho mafuriko hukihamisha na bado watu wake hurudi kujenga pale pale, hicho unaweza kukiuliza swali na ukapata jibu.

Shida ikawa kuwafundisha wasichana. Nawaambia wazi, walimu wenzangu, kwamba katika miaka yangu yote sikuwahi kukutana na somo gumu kama kumwambia msichana wa kidato cha pili kwamba sehemu kubwa ya maada ya ulimwengu haionekani, kisha kumtazama machoni bila ya kupepesa.

Hadija, binti wa mfugaji wa Kiorma, ndiye aliyeinua mkono. "Mwalimu, sasa kama hakionekani, tutajua aje si uongo?"

Nikawaeleza habari za dungu. Marehemu mume wangu alilinda mahindi yetu dhidi ya viboko akiwa juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, bila ya taa. Vijana walipokuja na tochi aliwazimisha. Alisema tochi humwonyesha mtu duara dogo la mahindi, na kiboko yuko kila mahali pengine. Ukikaa gizani, macho yakatulia, kiboko humwoni vilevile. Lakini utaona mstari wa mahindi ukiinama, kisha mwingine, na kwa jinsi yanavyoinama utajua ukubwa wake na anakokwenda.

Hadija akafikiri. "Lakini mwalimu, pengine ni upepo tu."

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo wataalamu wenyewe wanagombania. Wapo wasemao kwamba hakuna kiboko. Kwamba sheria ya uvutano ndiyo tunayoijua vibaya, na katika umbali mkubwa inatenda tofauti. Si wajinga hao, na msiwadharau. Nilimwambia Hadija, "Vizuri. Upepo na kiboko utawatofautishaje?"

"Upepo unatikisa shamba lote," akasema. "Kiboko anatikisa mahali alipo."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya galaksi ndogo. Zitafute mbili zenye mwanga unaokaribiana. Kama ni sheria tu iliyobadilika, nyota zake zingetarajiwa kwenda kwa mwendo unaofanana. Zikitofautiana sana, mtu wa upepo ana kazi kubwa ya kujieleza."

"Na hicho kitu chenyewe ni nini, mwalimu?"

"Hatujui."

Bahati mbaya, Jumanne hiyo ya Juni alikuwapo afisa wa kukagua masomo, ameketi nyuma na kalamu yake. Baada ya kipindi akaniita kando.

"Mwalimu, hii iko kwa silabasi?"

"Haimo."

"Itatoka kwa mtihani?"

"Haitatoka."

"Sasa inatoka wapi?"

"Juu," nikamwambia.

Katika ripoti yake aliandika kwamba mwalimu anafundisha mambo ambayo yeye mwenyewe anakiri hayajui. Ni ripoti ya kweli kuliko zote nilizowahi kuandikiwa, na ningaliweza ningaliitundika ukutani.

Sasa niueleze uwanja. Nyuma ya bweni, upande wa kusini, shule yetu ina kiwanja kisicho na jengo wala mti mrefu, ila vichaka vya mathenge. Galaksi ndogo zilizo hafifu kabisa hazionekani kwa macho popote duniani. Zinahitaji mitambo mikubwa, na sisi tulizitazama katika picha. Lakini wakubwa wao wawili wanaonekana kutoka hapo, chini upande wa kusini, kama vipande viwili vya wingu vilivyosahauliwa: kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Ni galaksi kamili, jirani za galaksi yetu. Januari wote wawili huonekana baada ya magharibi kuisha. Machi mdogo ameshatua na mkubwa anaelekea kutua. Mwisho wa Oktoba mdogo hurudi. Mtu akiwa na taa karibu haoni hata mmoja.

Andikeni haya, maana hayamo kitabuni. Tochi ifungwe leso nyekundu, mikunjo miwili au zaidi. Simu zikusanywe kwenye karai, na karai lifunikwe. Wasichana wakae kimya mpaka macho yazoee. Watalalamika, waacheni walalamike. Na kitu hafifu hakitazamwi moja kwa moja: kitazame kando yake, nacho kitajitokeza. Jicho limeumbwa hivyo. Nimejua wakuu wa ofisi kadhaa walioumbwa hivyo pia.

Muhula wangu wa mwisho ulianza Januari, na Januari hiyo hiyo mkuu wa shule, Bwana Kazungu, mtu wa Malindi, mpole, mpenda miradi, alitangaza kwamba klabu yetu ya wasichana imesikika mbali. Bodi ilikuwa imeamua kutujengea Kituo cha Nyota. Nilishukuru, nikaeleza kwamba tunahitaji kitu kimoja tu: uwanja uachwe kama ulivyo. Bodi ilikaa, ikalitafakari ombi langu kwa makini, ikaamua kusimamisha katikati ya uwanja mlingoti mrefu wa taa, zile za mulika mwizi.

"Bwana Mkuu," nikamwambia, "taa ya nini?"

"Ya kituo, Mwalimu Raheli."

"Nyota hutazamwa gizani."

Alinihurumia kwa macho. "Unataka wageni watazame nyota gizani?"

"Ndiyo."

"Wataanguka."

Nilipeleka pingamizi langu katika kikao cha Februari. Nilieleza habari za macho na nuru, nikaeleza habari za mkubwa na mdogo. Mjumbe mmoja wa bodi alinipongeza kwa maelezo mazuri, akapendekeza taa ziongezwe nguvu ili niweze kuona hata zaidi. Hoja ikapita. Mwalimu Fatuma, aliyekuwa ameketi karibu nami, alininong'oneza, "Mama, ukienda Aprili, mimi nitafundisha nini hapa?" Fatuma ni mtoto wa mwenye duka wa Nanighi, alikuja kwetu akiwa na shahada nzuri na woga mwingi, na ni katika uwanja ule woga ulimtoka. Mlingoti ukiwaka kila jioni, angerithi kituo cha nyota kisicho na nyota, na wasichana wangerudi kwenye picha. Nilikuwa na miezi miwili tu ya kuuokoa uwanja, na bodi ilikuwa na mafundi.

Mlingoti ulisimama. Chini yake likajengwa bamba la saruji la uzinduzi, na kando likawekwa kibanda cha jenereta na swichi. Tarehe ya uzinduzi ilifuata nafasi ya mgeni rasmi, kigogo wa ofisi fulani. Ilikuwa Ijumaa ya pili ya Februari, ikasogezwa hadi Jumamosi ya kwanza ya Machi, kisha ikatua Alhamisi ya wiki ya mwisho ya Machi, saa moja jioni. Niliipokea vizuri kwa sababu haikuwa na mwezi angani. Sikujua kwamba ilikuwa na mvua.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha Alhamisi hiyo, saa tisa alasiri, kwa muda mfupi, ikakata, na mbingu ikafunguka. Mtu yeyote wa huku kwetu anajua ni nini kinachotoka ardhini jioni ya mvua ya kwanza. Nyumba zote huzima taa. Huachwa moja tu, juu ya beseni la maji, kwa ajili ya kumbikumbi. Wengine huwakaanga, wengine huwapa kuku. Mama Dama, mpishi wetu, alinifuata na mwiko mkononi.

"Mwalimu, hao wageni wanajua kumenyesha?"

"Wanakuja na magari. Sidhani."

"Na hiyo taa yenu itawashwa?"

"Ndiyo mpango."

Mama Dama akaugeukia mlingoti, akaupima kwa macho kutoka chini hadi juu, kisha akaenda stoo akatoa mabeseni yote ya shule.

Nilikwenda kwa Bwana Kazungu. "Bwana Mkuu, leo mvua imenyesha. Nakuomba taa isiwashwe."

"Mwalimu Raheli," akasema akirekebisha tai, "umeanza tena?"

Nilikuwa nimempinga kuhusu taa hiyo mara nyingi kiasi kwamba hata siku nilipokuwa na sababu nyingine kabisa alisikia ile ile ya zamani. Yeye, Mgiriama aliyelelewa kwa kumbikumbi wa kukaanga! Lakini shughuli ikiwa na mgeni rasmi, mtu husahau hata mwezi wa mvua.

Mgeni rasmi alifika, akaketishwa hemani, akapewa soda na pilau, akahutubu. Alisema kwamba giza ni adui wa maendeleo. Alisema kwamba watoto wa Tana River wametembea gizani kiasi cha kutosha. Kisha akabonyeza swichi, na uwanja ukawa mweupe kama mchana. Watu wakapiga makofi. Nyota zikatoweka zote kwa mkupuo mmoja, mkubwa wangu akiwa miongoni mwao.

"Nyota zenyewe ziko wapi?" akauliza mgeni rasmi akitazama juu.

"Zinakuja, Mheshimiwa," akajibu mshereheshaji.

Walikuja kumbikumbi. Kwanza mmoja alitua juu ya hotuba. Mgeni rasmi akampuliza kwa uungwana. Wa pili akaingia katika soda. Kisha ardhi yote ya Garsen ikafunguka. Walikuja kama moshi kutoka kila upande, wakaujaza mwanga, wakaingia katika pilau, katika kipaza sauti, katika kola na vilemba. Mshereheshaji alisema, "Mabibi na mabwana, tuendelee kuketi," akafunga mdomo kwa haraka, kwa sababu alikuwa amemeza.

"Zimeni!" mgeni rasmi akapiga kelele.

"Msizime! Msizime, jamani!" Hao walikuwa akina mama wa mtaa, walioiona taa kutoka mbali na kuingia langoni na mabeseni, ndoo na vyandarua. Mlinzi hakuwazuia, naye alikuwa na ndoo.

"Nimesema zimeni!"

"Mheshimiwa, dakika moja tu! Hii ndiyo maendeleo!" akasema mama mmoja akichota kwa mikono miwili.

Bwana Kazungu alisimama katikati, mgeni wake upande huu na wananchi upande ule. Nilimsogelea nimsaidie. Mfuko wa koti lake ulikuwa unatambaa.

Swichi ilizimwa hatimaye, na jenereta likanyamaza. Katika giza lile, watu wakipapasa viti, nilisema kwa sauti ambayo Mwalimu Komora angeitambua, "Kila mtu aketi alipo. Simu zizimwe. Subirini." Wakaketi, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Wasichana wangu walipita polepole na tochi zao zilizofungwa leso nyekundu, wakiwaongoza wageni hadi ukingo wa uwanja. Kumbikumbi, walipokosa nuru, walidondosha mbawa zao na kupotea katika majani.

Hadija ndiye aliyemshika mkono mgeni rasmi. "Mheshimiwa, usiangalie moja kwa moja. Angalia kando yake."

"Kando ya nini?"

"Ya ile huoni bado."

Akageuza shingo kidogo. Kisha: "Naona wingu. Mvua inarudi?"

"Si wingu, Mheshimiwa. Ni galaksi. Ni nyota nyingi, mbali sana."

"Hilo?" Akatazama tena, safari hii kando yake. "Na hizo nyota, mbona hazitawanyiki?"

Nilimshika Fatuma mkono. Mtu mzima yule, aliyehutubu nusu saa kuhusu giza, alikuwa ameuliza swali la kweli, na hakuna aliyemwandikia.

"Kuna kitu kinazishika," Hadija akamjibu. "Hatukioni."

"Kitu gani?"

"Hatujui, Mheshimiwa."

"Nani anajua?"

"Bado hakuna."

Mgeni rasmi akafikiri. "Basi tutaunda kamati," akasema. Na kabla ya kupanda gari alimshika bega Bwana Kazungu, akaahidi kutuletea taa ya pili, ielekezwe upande ule wa wingu, ili wananchi walione vizuri zaidi. Namshukuru Mungu kwamba ahadi hiyo imetunzwa kama zinavyotunzwa ahadi za aina yake.

Jumatatu iliyofuata tulikutana katika chumba cha walimu. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho, nami nilikuwa nimejiandaa kwa hoja za macho na nuru, mkubwa na mdogo, upepo na kiboko. Sikuzihitaji. Bwana Kazungu alisimama, akakohoa, akasema kwamba baada ya kusikiliza maoni ya jamii, na jamii ilikuwa imetoa maoni yake kwa nguvu, uongozi umeona taa ya kituo itumike kwa shughuli maalumu tu.

"Shughuli gani, Bwana Mkuu?" akauliza Fatuma.

"Jioni za mvua ya kwanza. Masika, na vuli." Hakumtazama mtu. "Mama Dama atasimamia mabeseni."

"Na jioni nyingine zote?"

"Jioni nyingine mtatazama hizo nyota zenu, Mwalimu. Kwani kuna mtu amewazuia?"

Ripoti iliyotumwa ofisini inasema kwamba mradi unatumika kikamilifu na umeinua lishe ya jamii. Yote mawili ni kweli. Sayansi haikutajwa, nami sikulalamika. Nimefundisha muda mrefu kitu kinachoshika vitu vyote mahali pake bila ya kutajwa katika ripoti. Bamba la saruji lipo bado. Limeandikwa Kituo cha Nyota, lakini mjini ukiuliza hivyo hutaelekezwa. Uliza mlingoti wa kumbikumbi.

Mwisho wa Oktoba, Jumatano, nikiwa Wema barazani kwangu, Fatuma alinipigia simu jioni.

"Mama, mdogo ameonekana!"

"Nani amemwona?"

"Wote. Uwanja giza kabisa. Hadija amewapanga kidato cha kwanza mstari mzima. Lakini mama, mchana kumenyesha. Bwana Mkuu ameshafika na beseni lake, anataka tuwashe. Anasema tutazame haraka."

Nikasikia katika simu sauti ya Hadija, imara kama ya mwalimu: "Bwana Mkuu, kwanza weka beseni chini. Sasa angalia kule. Hapana, usikodoe. Kando yake."

Nikaibana simu sikioni. Kisha nikamsikia Bwana Kazungu, kwa sauti ndogo ambayo sikupata kuisikia kikaoni.

"Ni kale kadogo?"

Jioni hiyo taa ilichelewa kuwashwa, kumbikumbi wakawa wachache, na waliopata hasara ni kuku peke yao.